Majoka Mawili, Korongo Wawili na Mlima Mmoja: Shajara ya Mradi

6 Januari

Mradi huu ulianzia darasani. Muhula uliopita mwanafunzi wangu mmoja, kijana wa miaka kumi na mitatu anayecheza michezo ya vita kwenye simu ya kakake, aliniuliza: "Mwalimu, Akagi alikuwa nani?" Nikamjibu kwamba Akagi si mtu, ni mlima, uko Gunma, kaskazini ya Tokyo. Akanyamaza kidogo. "Sasa mlima ulizamaje?"

Swali hilo lilininyima usingizi, maana lilikuwa swali la haki. Akagi ni mlima wenye ziwa kileleni na mungu wake mwenyewe. Wajapani husimulia kwamba mungu huyo alijigeuza tandu mkubwa, akapigana na mungu wa mlima wa Nikko aliyejigeuza nyoka, wakigombea maji ya ziwa Chuzenji, na mahali walipopigana panaitwa mpaka leo Senjogahara, yaani uwanda wa vita. Akagi pia ni meli ya kubeba ndege iliyozama katika vita vya Midway, Bahari ya Pasifiki, mwezi wa Juni 1942. Kijana aliijua meli. Mlima, tandu na ziwa hakuna aliyemwambia.

Basi nimeamua: kijitabu kwa Kiswahili, kurasa sabini au themanini, majina arobaini na nane ya manowari za Japani. Kila jina na maana yake, hadithi yake, na meli iliyolibeba iliishia wapi. Binamu yangu wa Tanga atachora. Mimi nitaandika usiku nikishamaliza kusahihisha madaftari. Shajara hii ni ya kunikumbusha niliamua nini, na kwa nini.

11 Januari

Kazi ya kwanza ni istilahi. Kiswahili kina neno manowari, tulilolipokea kwa Waingereza zamani za merikebu, nalo hubeba kila chombo cha vita. Kwa kitabu hiki halitoshi, kwa sababu Wajapani walipanga majina kwa aina ya meli. Nimekata shauri hivi: zile kubwa kabisa za mizinga zibaki manowari, za kati zenye mbio ni kruza, zile nyembamba za kusindikiza na kurusha topido ni destroya, halafu meli za kubeba ndege, na nyambizi.

Mpango wenyewe ukishauelewa unapendeza. Manowari zilipewa majina ya majimbo ya kale: Yamato, Musashi, Nagato, Mutsu, Ise. Kruza nzito zilipewa milima, nyepesi mito. Destroya za daraja la kwanza zilipewa pepo, mvua, ukungu na maji ya bahari. Za daraja la pili zikapewa miti: msonobari, mwanzi, mpichi. Nyingi za kubeba ndege zilipewa viumbe warukao. Kwa meli kubwa, waziri wa jeshi la majini alipeleka majina, Mfalme Mkuu akachagua. Akagi ina jina la mlima kwa sababu ilianza kujengwa kama manowari ya mbio, na Kaga ina jina la jimbo kwa sababu ilianza kama manowari kubwa. Mkataba wa Washington wa 1922, wa kupunguza manowari kubwa, ndio uliozibadilisha kazi. Majina yakabaki yale yale.

Katika orodha yangu nzima hakuna jina la mtu hata moja. Waingereza walikuwa na Nelson, Wajerumani na Bismarck. Kwa Wajapani shujaa hukaa ndani ya mlima au mto wake, nao ndio unaopewa meli. Kila hadithi itabidi niichimbe ardhini.

19 Januari

Majina sita yamekamilika. La saba limenisumbua siku nne: Kongo.

Kwa msomaji wa Kiswahili Kongo ni nchi, ni mto, ni rumba. Jirani yangu, mzaliwa wa Bukavu, alipoiona karatasi mezani aliuliza kwa furaha, "Kumbe Wajapani walitupenda hivyo?" Ikabidi nimweleze taratibu. Kongo ya Kijapani ni mlima ulio mpakani mwa Osaka na Nara, na neno lenyewe lilisafiri kutoka India kupitia China pamoja na dini ya Kibuddha. Ni kitu kigumu kuliko vyote, silaha ya radi mikononi mwa miungu, kinachovunja kila kitu nacho hakivunjiki. Almasi nayo kwa Kijapani huitwa jiwe la kongo.

Meli yenyewe, iliyoanza kama manowari ya mbio, ilijengwa na Vickers huko Barrow-in-Furness, Uingereza, ikakamilika 1913. Ilikuwa manowari kubwa ya mwisho Japani kuagiza nje. Dada zake, Hiei, Haruna na Kirishima, zilijengwa nyumbani, na zote ni milima. Nyambizi ya Marekani iliizamisha Kongo katika mlango wa bahari wa Taiwan tarehe 21 Novemba 1944. Kichwa cha ukurasa nimekiandika "Kongo, Mlima wa Almasi". Jirani ameridhika.

2 Februari

Viumbe warukao. Hapa ndipo tafsiri inapoweza kusema uongo bila mtu kujua.

Hosho, iliyoanza kazi Desemba 1922, ndiyo meli ya kwanza duniani kuingia kazini ikiwa imejengwa tangu mwanzo kwa ajili ya kubeba ndege. Vitabu vingi vya Kizungu humwita ndege wa jina hilo finiksi, yule wa Wayunani anayeungua moto na kufufuka. Ndege wa Hosho haungui. Ni ndege wa masimulizi ya China na Japani anayeonekana pale tu nchi inapotawaliwa kwa haki. Asipoonekana, watu wajue. Nimemwita ndege wa heri. Hosho ni ndege wa heri akiruka. Zuiho, Shoho na Taiho ni jamaa zake. Hosho iliiona vita mpaka mwisho, ikatumika kuwarudisha Wajapani nyumbani kutoka ng'ambo, kisha ikavunjwa.

Soryu ni joka la buluu. Hiryu ni joka lirukalo. Kwa Kiswahili ukitamka joka mtoto hujikunyata, maana joka letu humeza watu. La Japani ni mwenye maji: huleta mvua, hukaa kasrini chini ya bahari, na lile la buluu hulinda upande wa mashariki. Nimelizunguka neno hili wiki nzima, nikajaribu "nyoka mtukufu", nikajaribu "mzimu wa maji", nikaviacha vyote. Litabaki joka, na ukurasa wa kwanza wa sura utaeleza ni joka la namna gani.

Korongo hakunisumbua. Shokaku ni korongo apaaye, Zuikaku korongo wa heri. Wajapani husema korongo huishi miaka elfu na kobe miaka elfu kumi. Zuikaku ilianza kazi Septemba 1941, ikazama Oktoba 1944. Miaka mitatu na mwezi mmoja.

16 Februari

Leo ndiyo siku niliyoipenda kuliko zote tangu nianze.

Nilikwenda kumwona mzee mmoja wa Mji wa Kale, nahodha mstaafu wa jahazi, nikiwa na orodha ya destroya za jamii ya Asashio. Nne kati yake zina neno shio, yaani maji ya bahari yanavyojaa na kupwa. Kamusi yangu ilinipa Oshio kuwa "wimbi kubwa", na moyo wangu haukutulia.

"Babu," nikamwambia, "kuna meli inaitwa Oshio. Maana yake ni maji makubwa, yale ya mwezi mchanga na mwezi mpevu, yanayojaa kupita kiasi na kupwa kupita kiasi."

Hakuniacha nimalize. "Hayo bamvua, mwanangu. Hilo nalo lataka kamusi?"

Bamvua! Neno moja, halina pengo wala nyongeza. Nilikuwa nimeandika mistari miwili kueleza jambo ambalo kila mvuvi wa pwani hii analijua kabla hajajua kusoma. Michishio ni maji yaliyojaa. Asashio ni maji ya asubuhi. Kwa Arashio niliandika "maji yenye ghadhabu", akatikisa kichwa. "Bahari huchafuka. Andika maji yaliyochafuka." Nimeandika. Asashio na Arashio zote mbili zilizamishwa na ndege katika bahari ya Bismarck, Machi 1943. Michishio ilizama Oktoba 1944 katika mlango wa Surigao, Ufilipino.

Nami nikamlipa kwa hadithi ya Hyuga. Hyuga ni jimbo la kale kisiwani Kyushu, ambako, kwa masimulizi yaliyoandikwa mwaka 712 katika Kojiki, mjukuu wa mungu jua aliteremka kutoka mbinguni. Wanawe wawili, mkubwa alikuwa mvuvi na mdogo mwindaji. Siku moja wakabadilishana zana. Mdogo akaenda kuvua kwa ndoana ya kakake, hakupata hata dagaa, na ndoana ikapotelea baharini. Akauvunja upanga wake akafua ndoana mia tano. Kaka akakataa. Akafua elfu moja. Kaka akakataa: naitaka ile ile yangu.

"Mvuvi wa kweli huyo," nahodha akasema. "Ndoana inayokupa samaki huibadilishi na elfu."

Mdogo akashuka mpaka kwa mungu wa bahari, akamwoa binti yake Toyotama, akakaa huko miaka mitatu. Ndoana ikaonekana imekwama kooni mwa samaki, jamii ya changu. Aliporudi nchi kavu, mkwewe alimpa vito viwili, kimoja cha kujaza maji na kimoja cha kuyapwesha. Kaka alipomjia kwa ugomvi akakitoa cha kwanza, maji yakaanza kumzamisha kaka. Kaka alipoomba radhi akakitoa cha pili, maji yakapwa. Mjukuu wa ndoa ile ndiye Jimmu, ambaye Wajapani humhesabu mfalme wao wa kwanza.

Nahodha alikaa akiyatazama maji ya bandari ya zamani. Yalikuwa yanapwa. "Vito hivyo," akauliza, "viko wapi sasa?"

Sikuwa na jibu. Hadithi nimeiandika yote usiku huu, kurasa nne, na manowari Hyuga imepata mistari mitatu tu mwishoni: ilipigwa mabomu karibu na Kure mwezi wa Julai 1945, ikakaa chini katika maji mafupi.

2 Machi

Pepo na mvua. Hii ndiyo sura ambayo Kiswahili kinaibeba bila kuhema.

Shigure ni manyunyu ya mwisho wa mwaka, yanayokuja na kukatika: nimeandika manyunyu ya vuli. Samidare ni mvua ya mwezi wa tano wa kalenda ya kale, inayonyesha siku baada ya siku: mvua ya masika. Binamu amepinga kwa simu kwamba masika yetu si yao. Ni kweli, nami nimeliandika hilo chini ya ukurasa. Lakini mtoto akisoma "masika" anausikia udongo uliolowa, na ndivyo mtoto wa Kijapani anavyosikia "samidare". Tumebishana nusu saa. Neno limebaki.

Yukikaze, upepo wa theluji, ilipita karibu vita vyote vikubwa vya bahari hiyo na haikuzama. Mwaka 1947 Wachina walipewa kama sehemu ya fidia, wakaiita Tan Yang.

Kamikaze ni upepo wa mungu. Kabla neno hili halijawa la marubani wa 1944, lilikuwa jina la destroya, na kabla ya hapo lilikuwa la dhoruba zilizoitawanya merikebu za Wamongoli mwaka 1274 na tena 1281. Hapa nimeandika kwa kirefu, maana wasomaji wetu wanalijua neno kwa ncha yake moja tu.

Majina haya hayakufa. Machi 2009 destroya mbili, Sazanami na Samidare, yaani viwimbi na mvua ya masika, zilitumwa na Japani Ghuba ya Aden kulinda meli dhidi ya maharamia wa Somalia. Siku hizi huandikwa kwa hiragana, herufi za sauti ambazo mtoto huanza nazo, badala ya zile nzito zenye asili ya Kichina.

9 Machi

Kurasa ishirini za majaribio zimerudi kutoka kwa mpiga chapa. Kila irabu yenye kistari juu, alama ya sauti ndefu, imetoka kisanduku kitupu. Ukurasa wa Hyuga unasomeka kama umeng'olewa meno.

Nimeviondoa vistari vyote. Jedwali la matamshi litakuwa mwishoni, kwa irabu mbili kama tunavyoandika choo na kuu: Hooshoo, Hyuuga, Sooryuu. Tungefikiria hivyo tangu mwanzo tungeokoa gharama ya karatasi, lakini nimefurahi, kwa sababu njia hii ni yetu na kila mtoto ataisoma sawasawa.

23 Machi

Michoro tisa imefika kwa basi la usiku kutoka Tanga, imefungwa kwenye kanga isikunjike.

Bora kuliko yote ni ya Ashigara. Mlima huo ndiko alikolelewa Kintaro, mtoto wa ajabu mwenye nguvu kupita watu wazima, kifuani kitambaa chekundu na begani shoka, akishindana mieleka na dubu. Alipokua akawa askari wa mtukufu mmoja, na mpaka leo Wajapani huweka sanamu zake majumbani wakiomba watoto wa kiume wakue na afya. Binamu hajawahi kumwona dubu. Wake ana macho ya ng'ombe mpole, na ndivyo atakavyobaki. Kruza Ashigara ilikwenda Uingereza 1937 kwa gwaride la majini la kutawazwa Mfalme George wa Sita. Miaka minane baadaye, tarehe 8 Juni 1945, nyambizi ya Kiingereza ikaizamisha. Nimeziweka sentensi hizo mbili pamoja, bila neno katikati.

Kumano ni kunguru wa miguu mitatu. Jimmu alipopotea katika milima ya Kumano, mbingu zilimtuma kunguru huyo amwongoze. Nilipoonyesha mchoro darasani walimtambua mara moja: yuko kwenye jezi ya timu ya taifa ya Japani. Kelele zilikuwa nyingi mpaka mwalimu wa chumba cha pili akaja kuchungulia.

Majina thelathini na moja sasa.

5 Aprili

Asubuhi hii nimesimama Likoni nikingoja feri, nikiitazama Kilindini, na nikahesabu: ni tarehe ile ile.

Tarehe 5 Aprili 1942, Jumapili ya Pasaka, meli tano za Japani za kubeba ndege zilishambulia Colombo, na tarehe 9 zikashambulia Trincomalee. Zilikuwa Akagi, Soryu, Hiryu, Shokaku na Zuikaku. Kwa majina ya kitabu chetu: mlima mmoja, majoka mawili na korongo wawili. Katika siku hizo tano Waingereza walipoteza kruza Dorsetshire na Cornwall, na Hermes, meli yao ya kubeba ndege. Admirali Somerville akazirudisha nyuma manowari zake nzito kuukuu. Zikaja hapa, Kilindini.

Kwa hiyo majoka yale yalifika mpaka kwetu, ingawa hakuna aliyeyaona. Yaliisukuma Kilindini iwe kituo cha majeshi ya majini ya Uingereza katika Bahari ya Hindi. Wasikilizaji wa redio na wavunja msimbo waliokuwa Colombo nao walihamishiwa Mombasa, wakawekwa katika shule ya Allidina Visram, wakisoma kwa siri maneno ya meli za Kijapani. Wanafunzi wetu hupita mbele ya jengo hilo.

Miezi miwili baadaye, Midway, Akagi, Soryu na Hiryu zilizama pamoja na Kaga. Shokaku ilizama Juni 1944, na Zuikaku ikafuata Oktoba.

Sura hii sikuipanga. Nitaiweka katikati ya kitabu na ramani ya kurasa mbili, kutoka Kyushu hadi Kilindini. Hata kichwa cha kitabu nimekipata humo.

13 Aprili

Yamato nimeiahirisha kwa makusudi, na leo nimeikabili.

Vipimo havina shida: urefu mita 263, mizinga tisa yenye kipenyo cha sentimita 46, mikubwa kuliko yote iliyowahi kuwekwa kwenye manowari. Ilianza kazi Desemba 1941. Tarehe 6 Aprili 1945 ilitumwa kuelekea Okinawa na meli chache za kuisindikiza, bila ndege za kuikinga, ikazamishwa kesho yake kabla ya kufika. Walikufa zaidi ya 3,000.

Shida ni jina. Yamato ni jimbo la Nara, kitovu cha ufalme wa kwanza, na kutoka hapo likawa jina la Japani yenyewe. Motoori Norinaga, mwanachuoni wa Matsusaka aliyefariki 1801, aliacha shairi fupi: mtu akiuliza moyo wa Yamato ni upi, ni maua ya mcheri wa mlimani yanayong'aa kwa jua la asubuhi. Ni hayo tu. Lina maneno manne yaliyokuja kuwa na safari yao: Shikishima, jina la kishairi la Japani; Yamato; asahi, jua la asubuhi; yamazakura, mcheri wa mlimani. Shikishima na Asahi zilikuwa manowari za vita vya 1904 na Urusi. Oktoba 1944 vikosi vinne vya kwanza vya marubani waliotumwa kujigonga kwenye meli za adui viliitwa kwa maneno hayo hayo manne.

Nilipolipanga hili kwenye karatasi nilitetemeka. Mtu alilikata shairi la maua vipande vinne, kila kundi la vijana likapewa kipande, likaambiwa likafe nacho. Sitaliandika kwa upole. Nimelitafsiri shairi zima kwanza, lisimame peke yake kwenye ukurasa wake, maua yawe maua. Ukurasa wa pili ndio wenye mwaka 1944.

27 Aprili

Mama amesoma rasimu. Amesoma yote, kwa miwani yake, kwa siku tatu, kisha akaniita.

"Hii nzuri, mwanangu. Lakini ile iliyowazamisha watu wetu mbona haimo?"

Alikuwa akisema juu ya Khedive Ismail. Alipokuwa msichana alisikia watu wazima wakiitaja kwa sauti ya chini. Meli hiyo ya kubeba askari iliondoka Kilindini mwanzoni mwa Februari 1944, ikielekea Colombo katika msafara. Ndani yake kulikuwa na kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika Mashariki, pamoja na wauguzi, wanawake wa jeshi la majini na mabaharia. Tarehe 12 Februari, karibu na Maldivi, nyambizi ya Kijapani iliipiga kwa topido, ikazama kwa dakika zisizozidi mbili. Walikufa karibu watu 1,300. Destroya mbili za Kiingereza, Paladin na Petard, ziliigeukia nyambizi, na mabomu ya kina yakarushwa mahali ambapo walionusurika walikuwa bado wanaogelea. Nyambizi nayo ikazamishwa siku hiyo hiyo. Majina ya wanajeshi wa mizinga, mamia kwa mamia, yamechongwa katika makaburi ya vita ya Nairobi, barabara ya Ngong.

Nilimjibu mama kwamba haimo kwa sababu kitabu ni cha majina, na nyambizi ile haikuwa na jina. Ilikuwa I-27. Herufi na namba.

Mama alivua miwani. "Basi andika kwamba haikuwa na jina."

11 Mei

Wiki mbili sikuandika neno hapa. Nilikuwa natafuta.

Nyambizi za Japani ziligawanywa kwa ukubwa: kubwa ziliitwa I, za kati Ro, ndogo Ha. Miaka yote nimeisoma hiyo I kama herufi ya Kirumi, kama wanavyoisoma wengi. Siyo. Ni silabi ya Kijapani, hutamkwa i, na mfululizo wa i, ro, ha ndio utaratibu wa kale wa kupanga silabi zao, kama sisi tulivyoanza chuoni na alifu na bee. Utaratibu huo unatoka katika shairi la zamani la Kibuddha linalotumia kila silabi mara moja tu, zote arobaini na saba, na watoto wa Japani walijifunza kusoma kwalo kwa mamia ya miaka. Herufi ya I-27 ni silabi ya kwanza kabisa ya shairi hilo.

Nimelitafsiri mwanzo wake hivi: Rangi ya maua hunukia, kisha hupukutika, katika dunia yetu hii, ni nani adumuye?

Orodha sasa ina majina arobaini na tisa. Ukurasa wa I utakuwa wa mwisho kabla ya jedwali la matamshi, na mama ndiye atakayeusoma kwanza. Imebaki michoro mitatu: Mutsu, Isuzu na huo. Binamu ameuliza achore nini, maana hakuna joka wala korongo. Nimemwambia achore gati la Kilindini asubuhi, vijana wa kikosi cha mizinga wamepanga foleni na mabegi yao, wanapanda meli.